Bei ya Shahada ya Sheria Marekani: Hesabu Kabla ya Kulipa Amana

Wazazi wetu, vijana, na nyote mliofika, habari za jioni.

Tumeombwa tuseme kama kusomea sheria hapa Marekani kunalipa. Tukijibu ndiyo au hapana tutakuwa tumewapotosha, kwa sababu sheria kwa ujumla haina bei. Chenye bei ni chuo fulani, kwa mwanafunzi fulani, baada ya kutoa ufadhili aliopewa, kwa kazi anayoitaka, katika jimbo anakotaka kuishi. Wanafunzi wawili wanaweza kukaa darasa moja miaka mitatu, mmoja akatoka hadaiwi hata senti, na mwenzake akatoka anadaiwa kiasi cha kununulia nyumba. Kwa hiyo jioni hii tutapiga hesabu. Walio na simu wafungue kikokotoo.

Kwa wasioujua mfumo wa hapa: sheria husomwa baada ya digrii ya kwanza, ya fani yoyote ile. Shahada inaitwa J.D. Huchukua miaka 3 kwa anayesoma kutwa, au 4 kwa anayesoma jioni huku akifanya kazi. Vyuo vilivyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, vinakaribia 200, na katika majimbo mengi huruhusiwi kufanya mtihani wa uwakili bila kupitia kimojawapo.

Gharama kwanza. Kwenye vyuo binafsi vyenye majina makubwa, ada peke yake inapita dola 75,000 kwa mwaka. Ukiongeza kodi ya nyumba, chakula, bima ya afya na vitabu katika jiji kubwa, mwaka mmoja unapita dola 110,000. Vyuo vya umma vya majimbo vina ada nafuu, hasa kwa mkazi wa jimbo, japo masharti ya kuhesabiwa mkazi hutofautiana, na ni vizuri kuyasoma mwaka mzima kabla ya kuomba. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tovuti ya chuo chochote: mshahara unaouacha. Kijana anayepata dola 50,000 kwa mwaka akiacha kazi miaka 3, ameacha dola 150,000 kabla ya kulipa ada ya siku moja. Hapo ndipo masomo ya jioni yanapopata maana, ingawa yanachosha.

Sasa mapato. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu huuliza wastani wa mshahara wa wakili anayeanza. Wastani huo hauna faida yoyote kwako. NALP, chama kinachokusanya takwimu za ajira za wahitimu wa sheria, kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mchoro wa mishahara yao una nundu mbili. Nundu ya kushoto ni ya wengi: ofisi ndogo za mawakili, waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi wa umma, mashirika ya msaada wa kisheria, serikali za majimbo. Hao huanzia takriban dola 60,000 hadi 100,000. Nundu ya kulia ni nyembamba na imesimama wima: kampuni kubwa za uwakili, ambazo tangu mwishoni mwa 2023 zinamlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000. Katikati ni bonde, na wastani wa mishahara unaangukia humohumo bondeni, mahali ambapo karibu hakuna mtu.

Maana yake ni kwamba unapopanga deni, lipime kwa nundu ya kushoto. Ukijikuta umeangukia ya kulia, litalipika mapema na hakuna atakayelalamika. Ukilipima kwa nundu ya kulia halafu ukaangukia ya kushoto, utalibeba mpaka watoto wako nao waanze chuo.

Twende kwenye deni lenyewe, maana sheria zimebadilika na ushauri wa kaka au dada aliyesoma miaka mitano iliyopita umepitwa na wakati. Zamani serikali kuu ilimkopesha mwanafunzi wa sheria kiasi chochote hadi gharama yote ya masomo, kupitia mkopo ulioitwa Grad PLUS. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 imeufunga mlango huo kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Sasa mwanafunzi wa J.D. anakopa serikalini kwa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa masomo yote ya ngazi hiyo. Chuo kikigharimu 110,000 na wewe huna ufadhili, pengo la 60,000 kila mwaka utalijaza kwa mkopo wa benki. Benki itataka mdhamini mwenye rekodi nzuri ya mikopo. Mara nyingi mdhamini huyo ni mzazi, kwa hiyo wazazi mliokaa huku mbele, hili linawahusu moja kwa moja: ukitia saini, deni ni lako pia.

Chukueni mfano wa anayekopa dola 50,000 za serikali kila mwaka, miaka 3, kwa riba ya asilimia 7.94, ambayo ndiyo iliyotumika mwaka wa masomo 2025–26. Riba ya mikopo hii inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka, hata kama hujamaliza muhula wa kwanza. Miezi sita baada ya kuhitimu, malipo yanapoanza, 150,000 zimeshakuwa kama 174,000. Chini ya utaratibu mpya wa kawaida, deni linalozidi 100,000 hulipwa kwa miaka 25. Rejesho ni takriban dola 1,336 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 300: umelipa zaidi ya dola 400,000 kwa kukopa 150,000. Ukitaka kulimaliza kwa miaka 10, rejesho linapanda hadi kama 2,100 kwa mwezi. Sasa mtu wa mshahara wa 75,000, baada ya kodi, anabaki na takriban 4,800 kwa mwezi, kutegemea jimbo. Toa 2,100. Kilichobaki ndicho cha nyumba, gari, chakula, na mama nyumbani anayesubiri kutumiwa chochote.

Upo utaratibu mwingine unaofuata kipato, unaoitwa RAP. Anayepata kati ya dola 70,000 na 80,000 hulipa asilimia 7 ya kipato chake, yaani mwenye 75,000 hulipa kama 437 kwa mwezi, na hupunguziwa dola 50 kwa kila mtoto anayemtegemea. Ukilipa kwa wakati, riba ambayo rejesho lako halikuifikia inafutwa, kwa hiyo deni haliumuki kama lilivyokuwa likifanya katika mipango ya zamani. Lakini halipungui pia kwa kiasi cha kuonekana, na msamaha unakuja baada ya miaka 30. Mtu wa miaka 28 atasamehewa akiwa na 58.

Njia inayofupisha miaka hiyo ni PSLF, mpango wa kusamehe mikopo ya watumishi wa umma ulioanzishwa 2007. Fanya kazi kwa muda kamili serikalini au kwenye shirika lisilo la faida linalokubalika, lipa marejesho 120, na salio linafutwa bila kutozwa kodi ya serikali kuu. Malipo ya RAP yanahesabiwa. Kwa anayetaka kweli kuwa mwendesha mashtaka au wakili wa wasio na uwezo, mpango huu unabadilisha hesabu nzima. Ila kuna mitego miwili. Mkopo wa benki haumo kabisa, hata ukiwatumikia maskini maisha yako yote. Na wengi hukosa kwa uzembe wa makaratasi: fomu ya mwajiri isainiwe kila mwaka na kila unapobadilisha kazi, usingoje mwaka wa kumi ndipo uanze kumtafuta ofisa utumishi aliyekwisha kustaafu.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi tuseme wazi. Mikopo ya serikali haiwahusu. Mkishamaliza, kibali cha kufanya kazi ni miezi 12, kwani sheria haimo kwenye fani za sayansi zinazoongezewa miezi 24. Baada ya hapo mnahitaji mwajiri wa kuwaombea viza ya kazi, na waajiri wanaofanya hivyo zaidi ni zile kampuni kubwa za nundu ya kulia. Ofisi ya mawakili wanne ni nadra kujiingiza huko. Nafasi nyingi za serikali kuu zinataka uraia. Kwa hiyo kwenu nyinyi nundu ya kushoto karibu haipo, na kwenda kwa mkopo mkubwa ni kamari ambayo hatumshauri mtu aicheze.

Sasa sehemu inayoweza kuokoa fedha nyingi kuliko zote, nayo ni ufadhili. Lazima muelewe kwa nini chuo kinatoa. Hakikuonei huruma, kinanunua alama zako. Kila chuo huchapisha alama ya katikati ya LSAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria) na ya GPA (wastani wa alama za masomo) za wanafunzi wake wapya, na nafasi ya chuo kwenye orodha za ubora inategemea kwa sehemu namba hizo. Mtu anayekuja na alama iliyo juu ya robo ya juu ya darasa anazipandisha. Huyo ndiye anayelipwa. Anayeingia chini ya alama ya katikati kwa kawaida ndiye anayelipa ada nzima, na fedha zake ndizo zinazosaidia kumsomesha mwenzake. Inauma kusikia, lakini ndivyo biashara ilivyo.

LSAT hutolewa kwa alama kati ya 120 na 180. Tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki imeondolewa, kwa hiyo msinunue vitabu vya zamani vya mitumba bila kuangalia. Vyuo huripoti alama yako ya juu kabisa, na unaruhusiwa kurudia, hadi mara 7 kwa maisha yako yote. Alama chache zaidi zinaweza kukutoa kwenye kulipa ada kamili hadi kwenye nusu ada katika chuo kilekile. Hakuna kazi ya muda utakayofanya miezi minne ikakulipa hivyo. Ndiyo maana kijana akituambia ana 154, anataka kuanza mwaka huu, na chuo kimemkubali kwa bei kamili, jibu letu karibu kila mara ni moja: subiri mwaka, rudia mtihani.

Kila chuo kilichoidhinishwa hutakiwa kuchapisha taarifa inayoitwa 509. Ipo kwenye tovuti ya chuo. Itafuteni kwa namba hiyo. Ndani yake mtaona wangapi wanapata ufadhili, kiasi gani, na wangapi waliacha masomo mwaka wa kwanza. Ukifika kwenye ufadhili wenye masharti, tulia usome polepole. Baadhi ya vyuo hutoa fedha kwa sharti kwamba mwanafunzi asishuke chini ya GPA fulani, tuseme 3.0. Kijana aliyezoea 3.7 shahada ya kwanza anacheka. Asichojua ni kwamba kwenye sheria, mwaka wa kwanza, alama hugawanywa kwa kulinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Chuo kikiamua alama ya katikati ya darasa iwe 3.0, nusu ya darasa itakuwa chini yake hata wote wakikesha maktaba. Taarifa ya 509 inaonyesha wangapi walipewa ufadhili wa masharti na wangapi waliupoteza au kupunguziwa. Kama waliuanza 80 wakaupoteza 30, wewe hesabu ada ya mwaka wa pili na wa tatu kama utailipa mwenyewe, halafu uone kama bado unakitaka chuo hicho.

Barua ya ufadhili inajadiliwa, na wengi wetu tuliolelewa kutobishana na wakubwa tunaona haya kuuliza. Msione haya, ofisi ya udahili inazitarajia barua hizo. Andika kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa amana ya nafasi, na barua iwe fupi: unashukuru kwa nafasi, unataja ofa ya chuo kingine cha hadhi inayokaribiana kwa kiasi chake halisi, unaambatanisha nakala yake, unasema kwamba ungependa kusoma kwao kama gharama itakaribiana, na unauliza kama wanaweza kuitazama upya. Usitishie, na usitaje ofa ambayo huna. Wakikataa kuongeza fedha, omba sharti la GPA liondolewe. Wakati mwingine hilo ni jepesi kwao na lina thamani kubwa kwako. Uliza pia kama ufadhili unapanda ada inapopanda. Mara nyingi haupandi. Ada ya 60,000 ikiongezeka asilimia 4 kila mwaka, katika miaka 3 utaongeza mfukoni mwako dola 7,296 ambazo hukuzipanga.

Taarifa ya pili ya kusoma ni ile ya ajira, inayohesabu hali ya wahitimu miezi 10 baada ya kumaliza. Vyuo hupenda kutangaza kwamba asilimia 90 na kitu wameajiriwa. Wameajiriwa wapi? Angalia kipengele cha kazi zinazohitaji leseni ya uwakili, za muda kamili na za muda mrefu. Toa zile zinazolipwa na chuo chenyewe. Toa waliofungua ofisi peke yao mara tu walipohitimu, kwani wengi wao wamekosa ajira. Kilichobaki gawanya kwa wahitimu wote, si kwa waliojibu dodoso. Tuseme wahitimu 200, kazi za uwakili 150, kati yao 4 za chuo na 6 wa kujiajiri: wamebaki 140, yaani asilimia 70. Kisha jumlisha walioko kwenye kampuni za mawakili zaidi ya 500 na makarani wa majaji wa mahakama za serikali kuu. Wakiwa 20, nafasi yako ya kuifikia nundu ya kulia kutoka chuo hicho ni kama 1 kati ya 10, na mgawanyo huo unaamuliwa kwa kiasi kikubwa na mitihani ya mwaka wa kwanza, tena mingine ya muhula wa kwanza tu.

Taarifa hiyohiyo inataja majimbo matatu yanayoajiri wahitimu wengi zaidi. Ukiacha vyuo vichache vya juu ambavyo jina lake linasafiri nchi nzima, chuo cha sheria ni cha mkoa wake. Unayetaka kuishi Minnesota, usikubali kwenda Florida kwa sababu ya brosha yenye picha za ufukwe.

Mtihani wa uwakili nao una bei yake. Unahitimu Mei, unafanya mtihani mwishoni mwa Julai, na kazi nyingi huanza Septemba au Oktoba. Miezi hiyo yote hakuna mkopo wa masomo na hakuna mshahara, na juu yake kuna kozi ya kujiandaa inayoweza kufika dola elfu kadhaa na ada ya mtihani ya mamia ya dola. Tenga kodi na chakula cha miezi minne. Anayefanya kazi huku akijisomea anajiongezea hatari ya kufeli. Kujiandaa ni kazi ya kutwa kwa wiki nane hadi kumi. Unapolinganisha vyuo, tazama kiwango cha kufaulu mara ya kwanza, usitosheke na kile cha ndani ya miaka miwili. ABA inataka angalau asilimia 75 ya waliofanya mtihani wafaulu katika miaka miwili, na chuo kinachoning'inia hapo karibu na mstari ni cha kuogopa. (Wisconsin imeweka njia ya mkato: wanaohitimu vyuo viwili vya jimbo hilo wanapata leseni humo bila mtihani.)

Kuna kipimo ambacho washauri wengi hutumia, nasi tunakiona kizuri: deni lote siku ya kuhitimu lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza unaoutarajia kwa uhalisi. Anayelenga 75,000 asidaiwe zaidi ya 75,000. Anayeweza kukivunja ni yule mwenye nia thabiti ya utumishi wa umma na mkopo wote ukiwa wa serikali. Wengine wote, kama hesabu haikubali, badilisha kimojawapo: chuo, ufadhili, au mwaka wa kuanza. Na aliyekwisha kuingia, akaona alama za mwaka wa kwanza zimemweka chini kabisa ya darasa huku ufadhili umepotea, kuacha hapo ni uamuzi wa busara. Deni la mwaka mmoja linalipika. Wazazi, msimwite huyo aliyeshindwa.

Mwisho, kuna wenzetu hapa waliosoma shahada ya sheria Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na wanaambiwa waanze J.D. upya. Kabla ya kutoa hata dola moja, someni kanuni ya 520.6 ya New York. Aliyesoma sheria miaka 3 au zaidi katika nchi ya mfumo wa sheria ya Kiingereza anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa jimbo hilo moja kwa moja, au baada ya kusoma shahada ya LL.M. ya mwaka mmoja, yenye krediti (vipimo vya masomo) zisizopungua 24. California nayo inamruhusu wakili aliyekwisha kusajiliwa nchi nyingine kuomba kufanya mtihani wake bila J.D. Maombi ya kutathminiwa New York yapelekwe mapema, kwa sababu nyaraka lazima zitumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, na barua za vyuo vyetu, mnazijua zinavyochelewa.

Wanaoomba J.D. kwa mwaka ujao: maombi hufunguliwa Septemba, na vyuo vingi hujaza nafasi na kugawa fedha kadiri maombi yanavyoingia. Anayepeleka mwanzoni mwa Novemba anakuta mfuko bado umejaa. Fomu za kupunguziwa ada ya LSAT ziombwe kabla ya kujiandikisha mtihani, kwa sababu ukishalipa hawarudishi. Tupo hapa mbele. Anayetaka tusome naye taarifa ya 509 ya chuo chake aje nayo.